Kilichoganda na Kilichoungua

Pombe ya nafaka, kwa Kiswahili, hupikwa. Ya mnazi hugemwa, na ulanzi wa Iringa hugemwa kwenye mianzi michanga msimu wa mvua. Vitenzi hivyo viwili vinaeleza mengi kuhusu kazi inayomsubiri mtu baadaye. Mgema hupanda na kisu na kibuyu, hushuka na kinywaji ambacho kimeshaanza kuchacha chenyewe, na jiko la nyumbani kwake halijaguswa. Mpika busaa, mpika komoni, au mama anayepika togwa ya sikukuu, yeye hukaa na sufuria kubwa motoni, mwiko mkononi, jicho kwenye ukingo. Akishachuja na kufunika, ana vitu viwili vya kuosha: sufuria, na jiko lenyewe. Nataka kukaa na hicho cha pili, na maneno tuliyonayo ya kuutaja uchafu wake, kwa sababu naamini kuwa Kiswahili kimeshaufikiria uchafu huo kwa makini kuliko maelekezo yanayobandikwa kwenye chupa za dawa za kusafishia.

Tuanze na neno foka. Maji hupata uvuguvugu, huchemka, hutokota. Kitu kizito chenye wanga hakitosheki na hayo. Hututuma kwa sauti kutoka chini, povu huumuka, na usipopunguza moto hufoka. Maziwa hufoka, uji hufoka, na togwa inayorudishwa motoni hufoka upesi kuliko vyote. Siku hizi mjini nasikia zaidi watu wakisema imemwagika, na nasikitika kila mara, kwani kumwagika ni habari ya kikombe kilichosukumwa na kiwiko. Kinachomwagika kinafuata mwinamo wa chombo. Kinachofoka kimesukumwa na joto lililomo ndani yake. Mtu mwenye hasira hufoka kwa maana hiyohiyo, naye anayemfokea mwenziwe anamtupia kile kilichokuwa kikitutuma kifuani. Maana hii ya hasira imenenepa mpaka imeanza kuifukuza maana ya jikoni, na vijana wengi wanaijua ile peke yake.

Sababu ya kufoka ni utando. Nafaka iliyochemshwa huachia protini na wanga, navyo hupanda juu na kufanya ngozi nyembamba kuzunguka kila kipovu cha mvuke. Maji matupu yakichemka, mvuke hupasua uso na kwenda zake. Maji ya nafaka huunasa, povu likajengeka juu ya povu, na sufuria iliyojaa robo tatu ikawa haitoshi. Wapika bia wa nyumbani wa Ulaya na Marekani, ambao wengi hutumia kimea cha shayiri na jiko la ndani, wanaiogopa hasa dakika ile maji yao matamu yanapoanza kuchemka. Wakishaivuka, protini huanza kujikusanya mabongemabonge na povu hushuka lenyewe. Mama wa Songea anayechochea uji wa togwa anaijua dakika hiyo bila kipimajoto. Huinua mwiko, hupuliza, hutoa kuni moja.

Maji hayo matamu, yale ambayo hayajawa pombe, wataalamu wa vinywaji wanahangaika nayo wanapoandika Kiswahili. Huandika kimiminika cha kimea, au huandika maelezo ya mstari mzima. Togwa ilikuwa ikiwangoja. Kusini mwa Tanzania togwa ni kinywaji cha watoto na wakubwa, uji wa mahindi au mtama uliotiwa kimea cha ulezi ukawa mwepesi na mtamu, kabla haujafika kwenye ulevi. Hatua ile ya katikati, kati ya uji na pombe, ina jina lake kamili, lenye historia na ladha. Ningefurahi kuliona kwenye vitabu vya ufundi likifanya kazi hiyo.

Kimea nacho kinastahili kuelezwa kidogo. Nafaka hulowekwa, huchujwa, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka imee, kisha huanikwa juani na kusagwa. Ndani ya punje inayomea huzaliwa vimeng'enya, na hapa nawashukuru kwa dhati wanaistilahi waliotupatia neno hilo. Walihitaji jina la kile ambacho wengine wangeridhika kukiita enzaimu. Wakachukua kumeng'enya, tendo la kuvunjavunja chakula mpaka kiwe laini, wakalipa kiambishi cha chombo. Kimeng'enya humeng'enya. Kikitiwa kwenye uji uliopoa kiasi, hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa sukari fupi, hasa maltosi, na uji uliokuwa umesimama kwenye mwiko hugeuka kuwa wa kunyweka. Kinafanya kazi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 60 na 70, na likipanda mno huharibika. Ndiyo maana kimea hakitupwi ndani ya uji unaotokota.

Basi sukari hiyo, pamoja na wanga uliobaki na protini, ndiyo inayofoka. Na inaangukia wapi?

Kwenye mafiga iliangukia jivuni. Hili ndilo jambo ambalo kwangu linaeleza pengo lote la msamiati. Jiko la mawe matatu halina uso. Lina moto, lina jivu, lina sufuria juu. Uji ukifoka, huzima kaa moja au mbili, hunuka, jivu huunywa, na kesho yake huzolewa pamoja na jivu. Uchafu wa mpishi ulikuwa kwenye chungu tu, na chungu kina pande mbili, kila upande na neno lake. Nje ni masizi, ule weusi laini wa moshi unaoshika vidole. Ndani ni ukoko, ganda la chakula lililoshika chini, ambalo wengine huliita utandu au matandu. Nje na ndani, masizi na ukoko, mambo yakaisha.

Kisha likaja jiko la mafuta ya taa, na la umeme, na la gesi la pleti mbili ambalo sasa limejaa kwenye vibanda vya mama lishe na kwenye vyumba vya kupanga. Hili lina uso. Lina bati lililopakwa rangi ya kung'aa, au chuma kisichoshika kutu, au kioo cheusi. Lina vyuma vya kuwekea sufuria na vichwa vya moto vyenye matundu. Uso huo ni wa tatu, nje ya chungu lakini si masizi, wa chakula lakini si ukoko. Uji unaofoka juu yake haunywewi na chochote. Unatandaa, unakauka, unaiva upya, unakuwa mweusi. Lugha ilikuwa haijalazimika kukitaja kitu hicho, na maelekezo ya viwandani yakaja na mafungu ya maneno kama uchafu sugu na madoa magumu, ambayo hayamwambii mtu kitu.

Nasema hayamwambii mtu kitu kwa sababu ndani ya uchafu huo mmoja kuna vitu viwili, na mtu asiyevitenga hupoteza jioni nzima akisugua. Vitenzi vyetu vinavitenga bila taabu. Kimoja kimeganda. Kingine kimeungua.

Tazama tabia ya ganda. Ni kitenzi chenye njia ya kurudi: ganda, gandua. Kiko katika jamii kubwa ya vitenzi vinavyotenduliwa kwa -ua au -oa: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bandika na bandua, nasa na nasua, chomeka na chomoa. Vyote ni vitenzi vya mahali na mkao. Kitu kimewekwa, kimebanwa, kimeshikamana, na kinaweza kuondolewa kikabaki kuwa kilekile. Togwa iliyokauka pembeni mwa jiko, mbali na moto, imeganda kwa maana hiyo kamili. Maji yametoka, sukari na wanga vimebaki vikishikamana na chuma. Rudisha maji, navyo vitaachia. Hakuna dawa zaidi ya kitambaa chenye maji ya moto kilicholazwa juu yake na kuachwa.

Sasa jaribu kukitafutia kitenzi ungua kinyume chake. Mwisho wake una sauti ya -ua, lakini hautendui kitu. Ungua, unguza, unguliwa. Mlango wa kurudi haupo. Haupo kwa pika, haupo kwa iva, haupo kwa oza. Hatuna neno la kuurudisha wali kuwa mchele. Vitenzi hivi ni vya kitu kugeuka kuwa kingine, na lugha iliyowaona watu wakipika kwa vizazi vingi haikuwapa watumiaji wake tumaini la uongo. Tone la togwa lililoangukia pembeni mwa kichwa cha moto limeungua, na maji peke yake hayatalirudisha kuwa togwa.

Kemia inakubaliana na sarufi hapa neno kwa neno. Maji yakiwamo ndani ya tone, joto lake haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100. Kila joto linalozidi huishia kwenye mvuke. Maji yakiisha, zuio linaondoka. Sukari na protini zilizobaki pamoja huanza kuungana na kubadilika rangi, mchakato ambao mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912 na ambao unabeba jina lake hadi leo. Ndio unaoupa mkate ganda lake la kahawia na nyama choma harufu yake. Joto likipanda zaidi, sukari yenyewe huvunjika hata bila protini. Ile ya mezani huanza karibu na nyuzi 160. Zaidi ya hapo, haidrojeni na oksijeni huondoka, ikabaki kaboni kwa wingi, yaani mkaa mwembamba uliobandikwa kwenye chuma. Sukari huyeyuka majini. Mkaa hauyeyuki.

Kuungua si aibu wakati wote. Katika busaa ya magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi uliovundikwa hutandazwa juu ya bati kubwa lililo motoni na kugeuzwageuzwa kwa koleo mpaka uwe wa kahawia, ndipo utiwe maji na kimea. Rangi na harufu ya busaa hutoka kwenye bati hilo. Wachaga nao huchemsha ndizi mbivu za mbege kwa saa nyingi mpaka ziwe na wekundu wa kahawia. Kitu kilekile tunachokikwangua kwenye jiko, hapo kinatafutwa. Na ukoko wa wali, ambao watoto huugombea, ni ndugu yao.

Kwa sababu hiyo napinga tabia iliyoanza ya kuuita uchafu wa jiko ukoko. Ukoko ni chakula. Una kitenzi chake kizuri, kukomba, ambacho hufanywa kwa vidole na kwa furaha. Jiko halikombwi.

Kati ya kuganda na kuungua Watanzania wana neno jingine la thamani, kushika. Maharage yameshika. Maana yake yameanza kugusana na chini ya sufuria kwa namna isiyofaa, lakini bado yanaweza kuokolewa: usikoroge, hamishia yale ya juu kwenye chombo kingine, acha yale ya chini. Ni neno la tahadhari, la dakika mbili kabla ya hasara. Kenya utasikia chakula kimechomeka pale ambapo Mtanzania angesema kimeungua, na Mtanzania hushtuka kidogo, kwa kuwa kwake yeye shati ndilo linalochomekwa kwenye suruali. Sioni sababu ya kuwasahihisha wa upande wowote. Choma ni kitenzi kipana, nacho kimekwenda kila upande kwa mahitaji ya watu.

Turudi kwenye uso wa jiko. Kilichoganda kimeshapata dawa yake, kulowekwa. Loweka ni neno ninaloliheshimu sana, kwani linaifungua kazi na kuifunga: ulezi ulilowekwa ili kuwe na kimea, na jioni ya mwisho jiko linalowekwa ili kimea kiondoke. Ni kitenzi cha subira. Anayeloweka anaachia maji na muda vifanye kazi ya misuli.

Kwa kilichoungua, maji yanahitaji msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa chini ya mafiga siku zote. Jivu la kuni lina kaboneti ya potasiamu, ambayo ikilowa hufanya maji yenye utelezi kama wa sabuni. Utelezi huo ndio alama ya alkali. Hukata mafuta, hulegeza protini, na huingia kwenye zile tabaka za kahawia ambazo bado hazijawa mkaa kamili. Bibi zetu walichota jivu kwa kipande cha makumbi wakasugulia sufuria, na walikuwa wakifanya kemia iliyo sahihi. Neno alkali lenyewe ni la Kiarabu, la jivu la mimea ya chumvi. Limezunguka Ulaya ndipo likatufikia kupitia vitabu vya shule, ingawa Waarabu tulikuwa nao pwani muda wote. Na potasiamu? Humphry Davy aliitenga London mwaka 1807 akaipa jina kutokana na potashi, neno la Ulaya lenye maana ya jivu la chungu. Katika jedwali la elementi, kile chumba cha potasiamu, kinachoandikwa K, ni cha jikoni.

Jirani yake wa juu, sodiamu, huandikwa Na kutokana na natroni, na natroni ni magadi. Ziwa Natron liko Tanzania, Ziwa Magadi liko ng'ambo ya mpaka, Kajiado, na katika Ziwa Magadi tabaka jeupe la chumvi hutandaa juu ya maji na kuchimbwa kama mwamba. Chumvi hiyo ni trona. Ndani yake kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu zimefungamana pamoja. Kwenye rafu za duka vitu hivyo viwili huuzwa mbalimbali, kimoja kikiwa soda ya kufulia na kingine soda ya kuokea, na watu huuliza kipi kitumike jikoni. Soda ya kuokea ni pole, ya kufulia ni kali. Magadi yanavibeba vyote viwili, na mtu aliyezoea kulainisha maharage kwa kipande cha magadi ana nyumbani dawa ya kigaga cha jiko (neno hilo nitalieleza punde). Yeyusha kwenye maji ya moto, lowesha kitambaa, kilaze juu ya weusi, acha kwa muda wa mapishi ya chakula cha jioni. Vaa glavu kama ngozi ni nyepesi.

Tahadhari moja isipuuzwe: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini haihimili alkali. Magadi huitia weusi na kuila polepole. Kwa hiyo magadi yawe ya jiko la chuma na la bati lililopakwa enameli, wala yasilowekwe kwenye sufuria ya alumini. Sufuria iliyokwisha kuwa nyeusi kwa sababu hiyo hurudi kung'aa ikichemshiwa maji yenye limau au ukwaju, kwa kuwa asidi huondoa ule utando mweusi.

Hapo ndipo linapozuka lile pendekezo maarufu la kuchanganya siki na soda. Povu hulipuka, macho hufurahi, na mtu huamini kuwa nguvu zimeongezeka. Asidi na alkali zikikutana huuana. Hewa ya ukaa huondoka na povu, hubaki maji yenye asetati ya sodiamu ambayo si siki wala soda. Mtu atumie kimoja, asuuze, ndipo atumie cha pili kama kinahitajika. Soda kwanza, kwa mafuta na kahawia. Siki mwisho, kwa ule weupe unaoachwa na maji ya chumvichumvi.

Baada ya kuloweka huja vitenzi vya mkono, na Kiswahili kina utajiri wa kutosha humu. Kupangusa hakuhitaji nguvu. Kusugua kunahitaji mwendo wa kwenda na kurudi. Kukwangua kunahitaji ukingo wa kitu kigumu, kijiko cha mbao au ubapa wa plastiki, nacho huinua kilichobanduka. Kukwaruza ni kukwangua kulikokosewa: alama hubaki kwenye jiko. Kuparura ni kwa kucha na kwa hasira. Kukatua ni neno linalopotea, nalo lilikuwa la kung'arisha shaba na fedha mpaka mtu ajione. Sinia za harusi hukatuliwa, na sioni kwa nini jiko la chuma lisikatuliwe. Kuna pia msasa, mti ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao na kusugulia vyombo, kisha jina lake likahamia kwenye karatasi ya dukani yenye mchanga. Leo watumishi hupigwa msasa kwenye semina, na miswada hupigwa msasa na wahariri. Neno limepanda cheo, na jikoni imebaki stilwaya. Kwa jiko la kioo stilwaya ni kukwaruza, hata ishikwe na mkono wa upole namna gani. Dodoki linatosha.

Jiko la kioo lina sheria yake nyingine, ambayo inaipindua subira yote niliyoisifu. Sukari ikifoka juu ya kioo cha moto isiachwe ipoe. Ikipoa hushikamana na kioo kiasi kwamba inapobanduliwa huweza kung'oa vipande vidogo vya kioo chenyewe, yakabaki mashimo. Togwa ni sukari. Watengenezaji wa majiko hayo huelekeza kuikwangua ingali moto, kwa wembe wenye mpini mrefu uliolazwa, mkono ukiwa umekingwa. Vyakula visivyo na sukari husubiri. Hapa gandua inatakiwa kufanyika kabla ganda haijakamilika, na ni wachache wanaoambiwa hivyo wanaponunua jiko.

Sasa kigaga. Kigaga ni ganda la kidonda. Magaga ni ule ukavu uliopasuka kwenye nyayo za mtu anayetembea peku, na ugaga ni tabaka linalojijenga kwenye meno. Shina ni moja, na maana inayorudiwa katika yote matatu ni kitu kilichokauka kikawa kigumu juu ya uso wa kitu kingine kisicho chake. Hakiliwi. Hakitokani na moshi. Kimetokana na majimaji yaliyotoka ndani yakakauka nje. Na kila mzazi anajua kanuni yake: ukikibandua kikavu unajeruhi ngozi iliyo chini, ukikilainisha kinatoka chenyewe. Napendekeza hilo liwe jina la kile kilichofoka kikaungulia kwenye jiko. Kigaga cha jiko, vigaga vya jiko. Kuunda neno jipya kutoka Kigiriki hakuhitajiki, na uchafu sugu uachwe kwa watu wa matangazo. Mwandishi wa maelekezo akiandika loweka kigaga, usikikwaruze, msomaji wa Tanga na wa Kisumu wote wataelewa nini cha kufanya na kwa nini.

Nimesikia hoja kwamba neno la mwilini halifai kupewa jiko. Lakini jiko letu lina miguu tayari, na chungu kina mdomo na shingo. Kiswahili hakijawahi kuona haya kuuazima mwili.

Vichwa vya moto vitazamwe peke yake. Togwa ikiingia kwenye matundu yake, gesi hutoka kwa shida na haipati hewa ya kutosha, na moto wa buluu hugeuka njano. Moto wa njano hauunguzi gesi yote. Huacha masizi chini ya sufuria, lile neno la zamani la upande wa nje, limerudi kwenye jiko la kisasa kupitia tundu lililozibwa. Zima gesi, subiri chuma kipoe, ng'oa kichwa, kiloweke, kisha zibua kila tundu kwa pini au mwiba mgumu. Zibua, kitenzi chenye njia ya kurudi. Kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha, maana tone la maji humo huwa kizibo kingine.

Ukimaliza yote, kwenye jiko la chuma kisichoshika kutu huenda ukaona pete ya rangi kuzunguka moto: dhahabu, zambarau, samawati. Mtu huichukua kuwa kigaga kilichokataa kutoka, akaisugua tena na tena. Hicho chuma kimebabuka. Joto limenenepesha tabaka jembamba la oksaidi ambalo ndilo linalokilinda dhidi ya kutu, na unene wake mpya unauvunja mwanga kuwa rangi. Siki inaweza kuzififisha. Kuzikwangua ni kuuondoa uso wa chuma chenyewe.